Kupanda farasi msituni Pugu: Safari ya siku moja inayoanzia kwa daktari wa mifugo

MKAZI wa Mchafukoge anayetamani kupanda farasi msituni kwa siku moja hana haja ya kusafiri mbali kuutafuta msitu. Kutoka Mnazi Mmoja hadi vilima vya Pugu ni mwendo wa kati ya kilomita 25 na 30, na njia yenyewe ni ile ile ambayo wazee wa mji waliijua kwa jina la Barabara ya Pugu kabla haijaitwa Barabara ya Nyerere. Kinachoadimika si msitu, bali ni farasi.

Uhaba huo haukutokea kwa bahati mbaya, wala hautokani na watu wa Pwani kutompenda mnyama huyo. Unatokana hasa na magonjwa mawili yanayoenezwa na wadudu, ambayo kwa karne nyingi yamewafanya farasi wasidumu katika sehemu kubwa ya Tanzania Bara. Mtu anayepanga safari ya farasi bila kuyafahamu anaweza kurejea mjini akiwa salama na mwenye furaha, kisha akampoteza mnyama wake wiki mbili baadaye.

Ushahidi wa jambo hilo uko jirani kabisa na Mchafukoge, nao ni jina la Kariakoo. Majeshi ya Uingereza yalipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, uwanja mpana uliokuwa upande wa magharibi ya mji ulifanywa kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ndimi za wenyeji zikayageuza maneno hayo mawili kuwa Kariakoo.

Wapagazi hao walihitajika kwa wingi kwa sababu wanyama wa kazi walikuwa wakifa. Jenerali Jan Smuts, aliyeyaongoza majeshi ya Uingereza mwaka 1916, alikuwa na askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, na alitarajia kwamba kasi yao ingewawezesha kuwazunguka Wajerumani. Aprili mwaka huo askari wa Van Deventer waliteremka kutoka upande wa Moshi kwenda Kondoa Irangi katikati ya masika, na farasi wao wengi wakaanguka njiani kwa uchovu, njaa na maradhi. Hadi mwaka huo unakwisha, farasi, baghala, punda na maksai walikuwa wamekufa kwa maelfu.

Mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Vifo vya wapagazi katika vita ile vilihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali ambapo mkazi wa Mchafukoge hufika kwa miguu, ina maandishi yanayowakumbuka wao pamoja na askari wenye bunduki. Hata sasa, mzigo unaoteremshwa katika Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Msimbazi huondoka juu ya mkokoteni unaosukumwa na mtu, au kichwani.

Somo hilo lilikuwa limekwisha kutolewa kabla ya vita. David Livingstone alipoingia bara mwaka 1866 kwa njia ya Ruvuma, alichukua ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda, akitaka kuona ni mnyama gani angemstahimili mbung'o. Wengi wao walikufa. Miaka mitano baadaye Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili, na wote wakafa Kingaru, siku chache tu kutoka pwani, huku mmoja akimfuata mwenzake katika muda usiotimia siku moja. Wafanyabiashara wa misafara hawakushangazwa na habari kama hizo; pembe za ndovu walizokuwa wakizipeleka Bagamoyo zilikuwa mabegani mwa Wanyamwezi.

Ugonjwa wa kwanza ni nagana. Huletwa na vijidudu viitwavyo tripanosoma, ambavyo huishi katika damu na huhamishwa na mbung'o kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Wanyamapori wengi huvibeba bila kudhurika sana. Ng'ombe hudhoofika polepole. Farasi huathirika vibaya zaidi: hupata homa inayokuja na kuondoka, damu hupungua, tumbo na miguu huvimba, naye hukonda hata akipewa chakula cha kutosha.

Ugonjwa wa pili ni ule ambao madaktari wa mifugo huuita ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huu ni wa virusi, na huenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, ambaye watu wengi hawamwoni ila huhisi tu anapouma. Pundamilia huishi na virusi hivyo bila shida, na punda huvivumilia kwa kiasi kikubwa. Kwa farasi asiyechanjwa, aina kali ya ugonjwa huu huweza kuua zaidi ya wanyama tisa kati ya kumi wanaougua. Homa hupanda hadi kufikia nyuzi 40 au 41 za Selsiasi, mapafu hujaa maji, na mara nyingi povu hutoka puani. Mnyama aliyekuwa akila vizuri asubuhi huweza kuwa amekufa kesho yake.

Chanjo ya ugonjwa huo wa pili ipo, nayo imekuwa ikitengenezwa Afrika Kusini kwa miaka mingi. Dhidi ya nagana hakuna chanjo hadi leo, kwa kuwa tripanosoma hubadili umbo la nje la miili yao mara kwa mara na hivyo kuukwepa ulinzi wa mwili. Kwa sababu hiyo, kinga dhidi ya nagana ni kumwepuka mbung'o, na baadhi ya dawa ambazo daktari pekee ndiye anayeweza kuamua juu yake.

Neno hilo la daktari pekee lina uzito. Katika maduka ya pembejeo za mifugo mjini, dawa za nagana huuzwa kwa kipimo cha ng'ombe, na baadhi ya dawa ambazo ng'ombe huzivumilia vizuri huweza kumdhuru farasi. Chakula nacho ni hivyo hivyo. Chakula cha kuku au cha ng'ombe kilichotiwa monensini, dawa inayotumika kuzuia kuhara kwa vifaranga, huweza kumuua farasi kwa kuuharibu moyo wake, hata akila kiasi kidogo. Anayepita Kariakoo kununua pumba za safari asikubali kupewa mfuko uliochanganywa.

Tofauti ya visiwani inaonyesha jinsi mdudu anavyoweza kuamua mambo. Katika kisiwa cha Unguja, mbung'o alitokomezwa na kutangazwa hivyo mwaka 1997, baada ya madume waliohasiwa kwa mionzi kuachiliwa kwa wingi kutoka angani, wakiwa wamezalishwa katika kituo cha utafiti cha Tanga. Leo mgeni wa Nungwi au Kendwa huweza kupanda farasi ufukweni bila kuifikiria nagana hata mara moja.

Upande wa Bara, farasi wamekaa zaidi kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako mbung'o ni wachache au hawapo. Miteremko ya Kilimanjaro, maeneo ya Arusha na mashamba ya chai ya Mufindi ndiyo yanayojulikana kwa safari za farasi, na huko kuna waongozaji, matandiko na wanyama waliozoea wageni. Nchini Kenya hali ni hiyo hiyo: uwanja wa mbio za farasi wa Ngong uko Nairobi, jiji lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, wala si Mombasa.

Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa juu ya tandiko, ushauri wa busara ni kuanzia huko. Nauli ya kwenda Arusha au Moshi ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kumleta farasi Pugu kwa ajili ya mtu asiyejua kushika hatamu. Pugu inamfaa aliyekwisha kujifunza, na ambaye ana farasi jijini au amekubaliana na mwenye farasi. Wanyama hao ni wachache. Wengi wa wakazi wa Dar es Salaam huwaona farasi wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi tu, siku za sherehe za taifa au za mikusanyiko mikubwa, na hao hawakodishwi.

Msitu wenyewe ni wa umma. Pugu na jirani yake Kazimzumbwi, katika Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, sasa ni hifadhi moja ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 7,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ni mabaki ya misitu ya pwani iliyowahi kutanda kwa upana zaidi, na miti yake mingi iliishia kwenye magunia ya mkaa yaliyoletwa Dar es Salaam. Ndani yake anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku ambaye ni miongoni mwa jamaa za nyani walio hatarini zaidi kutoweka duniani.

Msitu wa umma haumaanishi msitu wa kujiingilia. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inataka kibali kwa shughuli zinazofanyika ndani ya hifadhi, zikiwamo za utalii na mapumziko, na kuingiza mifugo bila ruhusa ni kosa. Anayekwenda kwa miguu humaliza mambo yake kwa kulipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Anayekusudia kuingia na farasi anapaswa kulitaja jambo hilo waziwazi, kwa barua, akieleza idadi ya wanyama, tarehe, njia anayotaka kuipita na muda wa kutoka, na asiondoke mjini kabla ya kujibiwa kwa maandishi. Jibu la mdomo kwenye simu halimsaidii mtu anaposimamishwa na askari wa misitu.

Barua ya pili huenda kwa ofisa mifugo. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, mnyama anayehamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine huhitaji kibali cha usafirishaji, na kutoka Ilala kwenda Kisarawe ni kuvuka mpaka wa mkoa. Safari ya ofisini isiishie kwenye mhuri. Ofisa mifugo wa Kisarawe ndiye anayejua kama mbung'o wameonekana karibuni, upande upi, na katika msimu gani. Swali hilo lina thamani kuliko kibali chenyewe.

Aidha, barabara ya kwenda msituni inapita jirani na mnada wa mifugo wa Pugu, ambako ng'ombe na mbuzi kutoka mikoa ya bara hukusanyika kabla ya kuchinjwa. Si mahali pa kumteremsha farasi ili anyooshe miguu, hata kama kuna maji na kivuli. Kupe, inzi na maradhi ya nusu ya nchi hukutana pale.

Kuhusu msimu, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa. Joto hupungua, njia hukauka, na wadudu wanaozaliana kwenye unyevu huwa wachache kuliko wakati wa masika. Machi hadi Mei ni miezi ya kuahirisha. Vilima vya Pugu vina udongo mweupe wa kaolini, ambao umechimbwa huko tangu enzi za ukoloni, na udongo huo ukilowa huteleza vibaya. Farasi mwenye kilo 450 juu ya kwato nne ndogo akiteleza kwenye mteremko, mpandaji hana la kufanya.

Uharibifu wa njia zilizolowa hauishii msituni. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu, na udongo unaokwanguliwa huko huteremka na maji hadi Jangwani, bonde lile lile ambalo mvua kubwa zikinyesha hujaa na kuikata Barabara ya Morogoro. Mkazi wa Mchafukoge aliyewahi kukwama upande wa pili wa Jangwani ana sababu yake binafsi ya kutopitisha kwato mahali pasipo na njia.

Ratiba ya siku yenyewe inaamuliwa na wale wadudu wawili, kwa kuwa wamegawana saa. Usubi huuma zaidi kuanzia machweo hadi mapambazuko. Mbung'o huuma mchana, huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Kwa hiyo farasi alale ndani ya banda lenye wavu mwembamba usiku wa kuamkia safari, asipakiwe kabla jua halijachomoza, na awe amerudi bandani kabla ya saa 12 jioni. Wanaopenda kuondoka saa 10 alfajiri ili kuukwepa msongamano wa Gongo la Mboto wanamwokoa dereva na kumhatarisha mnyama.

Gari la kumsafirishia linapaswa kuwa na kuta ndefu, sakafu isiyoteleza na ubao wa kuteremkia usio na mwinuko mkali. Lori la mchanga lililowekewa nyasi halitoshi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mnyama dhidi ya mateso yasiyo ya lazima, hata akiwa safarini. Siku ya Jumapili barabara huwa nyepesi. Gari likiondoka saa 1 asubuhi, farasi huweza kuteremshwa saa 2 na nusu, akapumzishwa nusu saa, akanyweshwa na kukaguliwa.

Ukaguzi huo haupaswi kuachiwa saisi peke yake. Mpandaji anyanyue kila ukwato na kutazama kama kuna jiwe, msumari au ufa. Apitishe kiganja mgongoni chini ya tandiko kutafuta kidonda au nyasi zilizojikunja. Akaze mkanda wa tumbo, asubiri dakika chache, kisha aukaze tena, kwa kuwa farasi wengi huvuta pumzi na kulijaza tumbo wanapofungwa mara ya kwanza. Anayepuuza hatua hiyo ya mwisho huona tandiko likizunguka naye kwenye kilima cha kwanza.

Uzito ni jambo ambalo watu wengi huona haya kuuliana. Kanuni inayotumiwa na wapanda farasi wengi ni kwamba mnyama asibebeshwe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwamo. Kwa farasi wa kilo 450 hiyo ni kilo 90, na mtu wa kilo 80 mwenye tandiko la kilo 10 tayari amefika kikomo. Maji, chakula na kamera vibebwe na anayetembea kwa miguu au vibaki kwenye gari.

Maji ya farasi ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote. Mnyama mmoja hunywa kati ya lita 25 na 50 kwa siku, na zaidi akifanya kazi katika joto la Pwani. Madumu matatu ya lita 20 kwa kila farasi ni hesabu salama. Lipo Bwawa la Minaki, lakini mpango mzuri haulitegemei: maji yaliyotuama yana kingo za matope, na matope ndiyo makazi ya usubi. Vivyo hivyo kwa nyasi. Zichukuliwe nyasi kavu safi kutoka nyumbani, ili mnyama asile jani asilolijua, na ili mbegu za magugu ya mjini zisipandwe msituni kwa njia ya mavi yake.

Mpandaji avae suruali ndefu, viatu vyenye kisigino kifupi ili mguu usiteleze na kunasa kwenye kikuku, na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Kofia ya pikipiki ni bora kuliko kutovaa kitu, lakini ni nzito na huzuia kusikia. Nguo za rangi hafifu zinafaa, kwa sababu ile ile ya mbung'o, na farasi naye apakwe dawa ya kufukuza wadudu iliyopendekezwa na daktari. Simu ikae mfukoni mwa mpandaji, kamwe isifungwe kwenye tandiko, maana farasi akikimbia ataondoka nayo.

Hatua za farasi anayetembea ni kama kilomita 6 kwa saa. Kwa saa 2 na nusu za asubuhi, kuanzia saa 3 hadi saa 5 na nusu, kundi la watu watatu au wanne huweza kwenda kilomita 12 au zaidi kidogo bila kumchosha mnyama, kwa kufuata barabara za zamani za msitu na njia zilizoonyeshwa na mwongozaji. Mahali penye mteremko mkali mpandaji ashuke na kumwongoza farasi kwa mkono. Kwenda shoti msituni ni jambo la kwenye filamu. Matawi yako usawa wa uso, na mashimo ya machimbo hayana alama.

Machimbo hayo ya kaolini, pamoja na mahandaki yanayokaliwa na popo, ni vivutio vinavyotembelewa na wanafunzi na watalii wa miguu. Farasi asisogezwe hapo. Ardhi iliyo juu ya handaki haikupimwa kwa uzito wake, na popo wakitoka kwa pamoja huweza kumtisha mnyama mtulivu kuliko wote. Mpandaji anayetaka kuyaona amwache farasi kwa saisi, umbali wa kutosha, aende kwa miguu.

Msitu una wenyewe wa kila siku. Wapo akina mama wanaookota kuni kwa ruhusa, wanafunzi wa Minaki, vijana wa baiskeli. Wengi wao hawajawahi kusimama karibu na farasi, na mtoto anaweza kumkimbilia kwa nyuma akitaka kumgusa mkia. Anayepanda ndiye apunguze mwendo, asalimie kwanza, aeleze kwa utulivu watu wasimame upande mmoja wa njia, na apite akiwa amewaona wote. Salamu ina kazi mbili hapa, kwani sauti ya mtu humjulisha farasi kwamba kile kilichojificha nyuma ya kichaka ni binadamu.

Upupu ni adui mwingine wa misitu ya Pwani, na farasi hana namna ya kujikuna mgongo akiwa na tandiko. Mwongozaji aulizwe mapema njia ipi ina upupu, na mapumziko yasifanyike karibu na msafara wa siafu. Wakati wa kupumzika, kuanzia saa 5 na nusu hadi saa 9 alasiri, farasi asifungwe moja kwa moja kwenye mti, kwa sababu akichoka kusubiri hubandua magome na kuchimba mizizi kwa kwato. Ifungwe kamba kati ya miti miwili, kwa mikanda mipana isiyokata gome, na yeye afungwe kwenye kamba hiyo mahali penye kivuli na upepo.

Alama za kusitisha safari zinapaswa kukubaliwa kabla ya kuondoka, ili pasiwe na mabishano. Farasi anayekataa maji, anayepumua kwa haraka hata baada ya nusu saa ya kupumzika, asiyetoa jasho kwenye joto, au anayechechemea, hapandwi tena siku hiyo. Hurejeshwa kwenye gari kwa kuongozwa polepole. Waliolipia wakilalamika, na walalamike.

Kama hakuna tatizo, saa moja ya mwisho kuanzia saa 9 inatosha kurudi lilipo gari. Mnyama huvuliwa tandiko, huogeshwa kwa maji kidogo, hupekuliwa kupe masikioni, chini ya mkia na katikati ya mapaja, kisha hupakiwa. Gari likitoka Kisarawe saa 10 na nusu, jua bado lipo linapopita Uwanja wa Ndege.

Kazi iliyobaki ni ya bandani. Joto la kawaida la farasi ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na apimwe asubuhi na jioni kwa wiki tatu zinazofuata, tarakimu zikiandikwa kwenye daftari lenye tarehe ya safari. Homa ikipanda katika wiki mbili za kwanza, daktari aitwe siku hiyo hiyo, aambiwe mnyama alipelekwa wapi na saa ngapi, na damu ipelekwe maabara ya TVLA iliyopo Temeke kabla mtu yeyote hajamchoma sindano.